Viti Ambavyo Ndimu Hakuvikalia

2 Machi

Kwa mwanangu mkubwa, bosi wa karakana,

Usicheke nikikuita bosi. Mtu akishaachiwa funguo na kupachika penseli sikioni, huyo ni bosi, hata kama bado anakunywa chai kwa kelele kama ng'ombe kisimani.

Mimi hapa kwa dada yako ni mzima, ukiondoa nyonga. Daktari aliyenipasua ni kijana, ana mikono laini kama ya mtu asiyewahi kushika hata ufagio, ila mshono wake umenyooka, lazima nimpe haki yake. Nilimuuliza, "Kabla hujanifunga, kuna mwenzako aliyechungulia ndani?" Akasema ndiyo Mzee, hapa hafungwi mtu mpaka mwingine ahakikishe hakuna kilichosahaulika ndani. Nikamwambia, basi wewe ni fundi. Akadhani dawa ya usingizi haijaniisha.

Dada yako ananipa chakula kisicho na chumvi, chumvi yote ameiweka kwenye maneno. Mumewe, yule mwalimu, akiniona nashika kijiko kwa kushoto anasema ukoo wetu uliumbwa mbele ya kioo, wote mashoto, mimi na nyinyi wanangu wawili. Dada yako tu ndiye aliyepona, kachukua mkono wa marehemu mama yenu. Namwacha mkwe aseme. Nalala kwake, nitamjibu nini?

Tuje kwenye kazi. Viti vya chuo cha wauguzi vimefika wapi? Wakivipenda watatupa na vitanda vya bweni zima, na hapo karakana yetu itasimama hata mimi nisiposimama. Kwa hiyo usifanye haraka. Sheria unaijua: kazi haitoki mlangoni mpaka ikaguliwe na mtu ambaye hakuitengeneza. Na mtu mwenyewe unamjua, mjomba wako Ndimu, kaka wa mama yako, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukutana na kitu kisicho na kasoro, pamoja na mimi siku ya harusi yangu. Akiona kasoro, aliyetengeneza anafagia maranda. Asipoiona, anafagia yeye. Miaka yote hii nimemwona na ufagio mara chache sana, mshenzi yule.

Mwambie aniandikie. Simu msinipigie, sikio langu mnalijua, nasikia "haloo" halafu upepo. Barua mpeni dereva wa lori la mbao, hupita hapa kila wiki.

Baba yako

*

9 Machi

Baba, shikamoo.

Tumefurahi kusikia nyonga inaendelea vizuri. Sisi hatujambo.

Viti vinakwenda vizuri sana. Ni vile vya kukalia na kuandikia hapo hapo, kila kimoja kina kibao chake ubavuni, ili wanafunzi wakae ukumbini bila meza. Mama Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe kuangalia mbao na mchoro, akaitikia kwa kichwa. Anavitaka kabla ya mitihani.

Mjomba anapumzika kidogo. Ni mgongo. Usiwe na wasiwasi kuhusu ukaguzi, sheria tunaifuata. Mimi nakalia alivyotengeneza mdogo wangu, yeye anakalia vyangu. Tunakaa, tunaandika, tunajitikisa. Havina shida.

Mwanao

*

16 Machi

Shemeji Ndimu,

Mgongo? Wewe? Mtu uliyebeba kabati la nguo peke yako mpaka ghorofani, kisha ukashuka nalo kwa sababu mlango wake ulikuwa unalia? Huo mgongo umeanza lini, na kwa nini ulingoja mpaka nifungwe bandeji ndipo uugue?

Najua unachofanya. Unataka niandike kwamba nakukumbuka. Sikukumbuki hata kidogo. Humu ndani kuna amani. Nikimaliza kunyoa hakuna mtu wa kuniambia nimebakiza upande. Nilikaa wiki nzima na ndevu shavu moja, mkwe ananiona, binti ananiona, wote kimya kwa heshima. Ndivyo watu wanavyouawa, kwa heshima.

Inuka hapo kitandani ukavikalie viti vya chuo. Vijana wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, na wale wawili tangu utotoni mmoja akianguka mwingine anasema ardhi ndiyo mbaya.

Shemeji yako unayemtesa

*

23 Machi

Shemeji,

Mgongo wangu mzima. Jana nimepanda juu ya paa.

Mwanao amenifukuza. Hakutumia neno hilo. Alisema, "Mjomba, nenda nyumbani ukapumzike, tutakuita." Hawajaniita.

Ilikuwa siku aliyokuja yule mama wa chuo. Nilipitisha ukucha kwenye mbao, nikasema hii bado mbichi, iachwe ikauke. Ilikuwa mbichi. Mama akaniangalia, akamwangalia mwanao, na mwanao akawa mwekundu kama vanishi. Mgeni alipoondoka akaniambia namtia aibu mbele ya wateja.

Kwa kweli mbao zile zilibadilishwa, nimeona lori likishusha nyingine. Kwa hiyo alinisikia. Kilichomkera ni kwamba nilisema.

Kwenye viti siendi. Nimepita nje, vimefunikwa turubai. Sikulifunua. Mimi si mwizi wa kuchungulia kazi za watu. Nikiitwa nitakuja. Nisipoitwa nina kazi zangu nyumbani.

Umebakiza ndevu chini ya kidevu pia. Sijakuona, lakini nakujua.

Ndimu

*

30 Machi

Wewe mtoto,

Mgongo wa mjomba wako umepona ghafla, tena kwa barua moja tu. Ningekuwa na dawa hiyo ningeiuza.

Umenidanganya, sawa, hata mimi nilimdanganya baba yangu, tena kwa ustadi zaidi yako. Lakini kumfukuza Ndimu! Unadhani mimi nampenda? Mara ngapi nimetamani kumfungia ndani ya kabati alilolikosoa? Ila kila aliponitibua, mteja alilala salama juu ya kitanda changu. Hasira ilikuwa yangu, usingizi wa mteja. Hiyo ndiyo biashara ya fundi, hujui hata hilo?

Nenda kwake leo. Chukua sukari, usiende mikono mitupu. Ukishindwa kwa sababu ya hicho kiburi chako, ambacho najua umekitoa wapi, basi nipakilie kiti kimoja kwenye lori. Nitakikagua mimi.

Baba yako, ambaye hajafa

*

6 Aprili

Baba, shikamoo.

Nakuomba unisamehe kwa uongo wa mgongo. Sitakuficha tena.

Lakini na mimi nisikilize. Nina mke, nina watoto, nina mvi mbili, na bado nikitengeneza stuli nasimama pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa, nangoja Mjomba akunje uso. Unakumbuka meza ya yule mshona viatu? Mteja amekuja na mkokoteni, amefurahi, ameshaishika. Mjomba akaipindua miguu juu mbele yake, akasema mguu mmoja una fundo. Fundo liko chini, Baba, mahali ambapo hata kuku haangalii! Tukabadilisha mguu. Mteja akarudi nyumbani bila meza, na mimi nikafagia.

Sisemi huwa anakosea. Nasema nimechoka. Kazi ikitoka salama watu wanasema Ndimu ameipitisha. Ikiharibika wanasema mimi nimeiharibu. Yangu itakuwa ipi? Nilitaka hii moja itoke kwa jina langu. Hii moja tu.

Kwa Mjomba sijaenda. Nitakwenda viti vikishatoka. Nakutumia kiti kimoja. Kikague unavyotaka, nitakubali neno lako.

Mwanao

*

13 Aprili

Mwanangu,

Kiti kimefika. Dereva amekishusha kama anashusha bibi harusi.

Nimekigeuza juu chini. Nimekinusa. Nimetafuta fundo mpaka chini ya pa kukalia, sikuliona. Viungo vimebana, ukucha haupiti. Nilimwambia dada yako anishike mkono nikakaa kwa kishindo, yeye akapiga kelele, kiti hakikupiga. Nimeegemea. Nimejitikisa. Na kibao chake, mwanangu, mkono unatua wenyewe, kiwiko kimepata pa kulala, karatasi hata haisogei. Barua hii ninaandikia juu yake, na tazama mwandiko wangu ulivyotulia, utadhani nilimaliza shule.

Dada yako alitaka kukijaribu, nikamkatalia. Nikamwambia huu ni ukaguzi wa mafundi, wewe kaangalie sufuria.

Sina neno. Narudia kwa sababu najua halitoki mdomoni mwangu mara nyingi: sina neno. Viti hivi ni vyako na jina ni lako. Huyo Ndimu abaki na paa lake. Kumbe miaka yote nilikuwa naogopa bure, kazi nzuri hata mimi naweza kuiona.

Baba yako, mkaguzi mkuu

*

15 Aprili

SIMAMISHA. Usipakie hata kimoja. Nampa kondakta wa basi la kwanza barua hii, nimemwapisha.

Jana jioni nilikuwa nimejilaza. Mkwe akarudi na madaftari ya wanafunzi wake kusahihisha, akaona kiti, akakaa. Namtazama. Anajipinda kiuno kama nguo inayokamuliwa. Daftari analishika kwa mkono mmoja, kalamu inapita juu ya tumbo kutafuta kibao ng'ambo ya pili. Nikacheka mpaka nyonga ikaniuma. Nikamwambia, "Mwalimu mzima, hata kukaa hukufundishwa?"

Akasema, "Baba, samahani, kibao kiko wapi?"

"Si hicho hapo ubavuni?"

"Ubavuni mwa nani, Baba?"

Nikataka kumrushia mto. Dada yako akatokea mlangoni na mwiko, akatuangalia, akaanza kucheka kile kicheko cha mama yenu, kile cha kukaa chini. Akasema, "Kiko upande wenu, Baba! Sisi wengine tunaandikia mkono huu!" Akanyoosha wa kulia.

Mwanangu, mimi mashoto. Wewe mashoto. Mdogo wako mashoto. Umetengeneza ukiwa mashoto, amekagua mashoto, kikaletwa huku kwa mashoto mkubwa kuliko wote, akakaa, akaona raha! Tumeulizana watatu kama tunaona vizuri, na wote tumevaa miwani ile ile.

Usipakie. Mfuate mjomba wako, yeye anaandika kwa kulia. Kimbia.

Baba

*

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya kusimamisha ilifika. Ilifika viti vikiwa vimeshashushwa ukumbini.

Ile ya "sina neno" ndiyo iliyowahi. Nilipoisoma tu nikapakia kesho yake asubuhi, kabla ya siku tuliyopatana, ili wajue sisi ni watu wa haraka. Ukumbi ulipendeza. Safu zimenyooka, vanishi inang'aa. Mama Mkuu alisimama mlangoni akasema, "Hongera, fundi." Aliniita fundi.

Kisha akakaa mwenyewe. Akachukua kalamu, akanyoosha mkono, mkono ukakuta hewa. Akatazama kulia, hakuna kitu. Akatazama kushoto, akakiona kibao. Akadhani hicho kimoja kimekosewa, akahamia cha jirani. Akahamia na kingine. Alihama safu nzima, Baba, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitabasamu, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa. Hiyo ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo. Nilitabasamu.

Nikamwambia mchoro aliuona. Akasema kwenye karatasi kibao kilikuwa upande wa kulia. Kweli, nilikichora kwa mbele, kama mtu anayekutazama. Kulia kwa karatasi ni kushoto kwa anayekaa. Nikamwambia kimekaguliwa na fundi mzee, nikatoa barua yako kwa fahari. Akaisoma yote mpaka kwenye mwandiko wako uliotulia. Akauliza, "Na huyu mzee anaandika kwa mkono gani?"

Nikaikunja barua nikairudisha mfukoni. Alishajua.

Wanafunzi walijaribu kuandika vile vile, viwiko vikagongana, mmoja akaanguka na kiti. Wakacheka. Vimerudi vyote, viko uani. Amenipa nafasi moja ya kuvirekebisha, la sivyo anatafuta wengine. Na kibao si cha kufungua na kuhamisha, nguzo yake imechomekwa ndani ya mguu na gundi. Kila kimoja ni kukifumua.

Najua utasema niende kwa Mjomba. Nimefika mpaka langoni kwake mara mbili. Nilimsikia anapiga randa ndani. Nikarudi.

Baba, wewe ndiye uliyesema huna neno.

Mwanao

*

22 Aprili

Shemeji,

Utakuwa umeshasikia. Mji mzima umesikia, na kama kuna aliyebaki, dereva wa lori anamalizia.

Cheka kwanza. Nakungoja.

Umemaliza? Sasa sikiliza. Sitakuandikia maneno matamu, utayatafutia kasoro. Mtoto ameharibikiwa, na mimi nimemwongezea. Alisema atakubali neno langu, na neno langu lilikuwa kipimo kile kile chake, kirefu zaidi tu. Nakasirika, Ndimu. Namkasirikia yeye, kisha naikumbuka barua yangu, nakosa pa kuielekeza hasira. Kiti kipo hapa kando ya kitanda, kila nikikikalia kinanikaa vizuri! Hata sasa nimejua, na bado sioni ubaya wake. Ninaweza kukikalia mwaka mzima nisiuone. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Hatukukuita. Yeye kwa kiburi, mimi kwa kutaka kumpa sifa aliyoililia. Nenda, shemeji. Amefika langoni kwako mara mbili akashindwa kubisha. Mfungulie wewe.

Na ukienda usimhurumie. Huruma alishaipata kwangu, unaona ilikomfikisha.

Shemeji yako

*

25 Mei

Shemeji,

Nilikwenda kabla barua yako haijafika. Nilimwona mara zote mbili pale langoni. Mtu mzima akijificha nyuma ya nguzo nyembamba anaonekana.

Siku ya kwanza hakunisalimia. Nikakaa kwenye kimoja, nikaandika jina lako, nikalikata. Nikamwambia viungo vyake ni vizuri kuliko vyako ulipokuwa na umri wake. Ni kweli. Ndipo akakaa chini, akalia kidogo, mdogo wake akatoka nje kwenda kutafuta misumari ambayo hatukuihitaji.

Tumevifumua, vibao tumevihamishia kulia. Matundu ya zamani tumeyaziba kwa vipande vya mbao ambavyo nyuzi zake zinafuata mstari ule ule. Nimekataa vizibo vingi, akavitoa akaviweka upya, akitukana chinichini. Kimoja nilikikataa akasema, "Mjomba, hiki sikibadilishi, wewe ndiye umekosea, simama upande wa mwanga." Nikasimama upande wa mwanga. Nilikuwa nimekosea. Nilimwambia. Alifurahi kuliko siku aliyopata mtoto wa kwanza.

Vingine hatukuvigusa. Nilikwenda chuoni nikamuuliza yule mama kama hana wanafunzi mashoto. Akasema hajui, hakuna aliyewahi kuuliza. Akawaita. Walikuja wachache. Binti mmoja alikaa kwenye kiti kibaya cha mwanao, akaandika mstari mzima, halafu akakataa kuinuka. Alisema ameandika maisha yake yote akiwa amekunja mkono kama mwizi wa mkate.

Viti wamevichukua. Vitanda vya bweni wamewapa wengine. Mama alisema kazi ni nzuri lakini muda umepita. Mwanao alikwenda kumwomba, akarudi, akaweka penseli juu ya meza, akapiga ukuta teke. Mpaka leo anachechemea, mtakuwa wawili. Sikumwambia lolote la kumfariji. Vitanda vile vilikuwa vyetu, na vimekwenda. Nami nina hasira, kwa sababu turubai lile ningeweza kulifunua kwa kidole kimoja.

Sasa jambo langu. Nilipokuwa nyumbani nilimtengenezea jirani kabati la vyombo. Limekwisha. Nimelifungua na kulifunga, nimeliinamia, nimepitisha ukucha kila mahali. Nimetafuta kasoro kwa nguvu zangu zote, na unanijua.

Halina hata moja.

Kwa hiyo sijalipeleka. Jirani anakuja kila siku kuliulizia, nampiga chenga. Nimelala vibaya. Vijana wako nimewaita wakaliangalia, wanasema ni zuri, lakini nahisi wananihurumia.

Hiyo nyonga itapona lini? Uje, tafadhali, na huo mkono wako wa kushoto.

Ndimu